Kitabu cha Midomo

Saa kumi na nusu usiku baba mkwe ameshavaa buti,
ameketi kizingitini kama mtoto wa siku ya kwanza ya shule.
Leseni yake aliirudisha polisi Aprili iliyopita,
kwa mikono miwili, akainama, wakampa cheti cha shukrani.
Tangu hapo dereva ni mimi, Mihoko,
niliyemjua ndege kwenye mshikaki tu.

Theluji ya jana imeganda, imekuwa ngozi ya barabara.
Ziwani wametutangulia wanaume tisa
na lenzi ndefu kama mabomba ya moshi.
Hakuna anayesalimia kwa sauti; wanatikisa vichwa.
Wametuachia nafasi pale pale pa mwaka jana,
pa mwaka juzi, pa miaka thelathini na moja,
mbele ya mayungiyungi yaliyonyauka,
mabua yamepinda juu ya barafu
kama mwandiko wa mtu aliyekuwa akisinzia.

Betri naipasha kwapani. Alinifundisha yeye:
baridi hunywa umeme kama mlevi.

"Subiri," anasema. "Bukini kwanza."
Na kweli, katikati ya ziwa kiza kinainuka,
maelfu kwa mpigo,
maharage yanayomwagwa juu ya sinia la bati
gunia baada ya gunia, hayaishi,
na mbingu inarudi kuwa nyeusi
pale ilipokuwa imeanza kuwa nyeupe.
Kamera tisa zinatatarika.
Yangu, ya kumi, imepiga kofia ya Bwana Chiba.

Batamaji hawana haraka.
Wanavuka barafu kwa miguu, wanateleza,
mabibi harusi waliokodi viatu visivyowatosha,
kisha penye maji wanabinuka, mikia juu,
vichwa topeni wakichimba mizizi.
Uzuri wote ule, na unachokiona ni makalio.

Baba mkwe hawaoni tena.
Anaona weupe, anasema, weupe unaosogea,
"nawe ni weusi unaonizibia."
Nasogea.

"Ufunguo amekuja?"

Ufunguo ni namba mia mbili na tatu.
Kila batamaji ana doa lake la manjano mdomoni,
hakuna mawili yaliyo sawa,
na mzee ameyachora yote kwa penseli, ubavu na uso,
katika daftari lenye harufu ya dawa ya kikohozi.
Yupo Ufunguo. Yupo Kisiwa, yupo Jino la Bibi.
Yupo mmoja aliyeitwa Deni, sijui kwa nini.

Nafunua kurasa kwa kidole kilichokufa ganzi,
nalinganisha, nakuza picha, nafuta, napiga tena.
Kukuziwa mnene amejileta mbele yangu
akikimbia kwenye barafu bila breki;
nampiga picha arobaini. Najua si kazi niliyotumwa.

Halafu namba tisini na saba.
Majira yale ya baridi nilipoolewa katika nyumba hii.
Doa dogo, kama punje ya mchele iliyoangukia mkeka.
Jina: Mihoko.
Chini yake, kwa herufi ndogo za karani wa reli:
*Mkimya. Anakula pembeni. Akifukuzwa hurudi.*
Kisha tarehe za majira manne. Kisha hakuna.

Miaka kumi na tisa nimemwekea mzee huyu chai mkono wa kulia
nikidhani haoni nani ameiweka.

"Umempata?"
"Bado."
"Tafuta katikati. Ufunguo anapenda katikati."

Jua limetoka, halina joto, limebandikwa tu.
Bwana Chiba anatugawia kahawa ya kopo,
tunaishika kwanza, tunakunywa baadaye.
Narudisha betri kwapani, nahesabu mia moja,
naitia tena kwenye kamera.
Katikati wapo wengi, wanagombana, wananyooshana shingo.
Nasogeza lenzi pole pole
hadi kule kundi linakoishia
na maji yanaanza.